Ukuta Usiosuguliwa

Mwenye nyumba wetu wa Jinja alichukia uchafu kama watu wengine wanavyochukia nyoka. Ua wake ulifagiliwa kabla jua halijapanda, ukanyunyiziwa maji, na ole wake mpangaji aliyetupa ganda la ndizi karibu na bomba. Aliliokota mwenyewe, akakubishia hodi, akakukabidhi mkononi. "Mama Nambozo, hii mali yako. Ilikuwa imepotea." Sabuni miaka ile tuliisikia tu kwa wenye jamaa wa magendo huko mpakani Busia, lakini sufuria zake alizisugua kwa majivu mpaka ungeweza kujitazama ndani yake na kufunga kilemba. Na mwanamke huyo huyo alikuwa na ukuta mmoja, ukuta wa nyuma, ulioota kuvu kutoka chini hadi karibu na mabati, kijani upande wa nje na jeusi upande wa ndani, na hakumruhusu mtu yeyote aupanguse hata kwa kitambaa.

Chumba chenye ukuta huo ndicho tulichopanga sisi.

Tulikuwa tumetoka Mbale, mimi, mume wangu na Nambozo wetu aliyekuwa bado anajifunza kutembea. Vita vya kumtoa yule mkubwa wa jeshi aliyetawala Uganda vilikuwa vimekwisha, vingine vilikuwa vinachemka porini, na katikati yake watu walikuwa wanatafuta kazi na chumvi. Kiwanda cha nguo kilianza kufungua mlango mmoja mmoja, mume wangu akapata nafasi. Mimi nilikuja na cherehani yangu. Niliiweka pale pale mlangoni, maana chumba hakikuwa na dirisha, na nguo za wateja nikazitundika kwenye kamba ndani. Mvua za kwanza hazijaisha, vitambaa vilishaanza kutoka madoa meusi madogo madogo, na harufu yake unaijua kama umewahi kufungua sanduku la marehemu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi changu nilikiona kwa macho, na bado kilinila.

Nguo zinafuliwa. Kifua cha mtoto hakifuliwi. Nambozo alianza kwa kukohoa asubuhi, kisha akawa anakohoa kutwa, kisha kifua kikaanza kupiga mluzi kila alipovuta pumzi. Nilikuwa nalala mkono wangu ukiwa juu ya mbavu zake, nikisikiliza. Sijapata kuogopa kitu kama nilivyouogopa mluzi ule.

Mwenye nyumba tulimwita Hajati. Hakuwahi kwenda hija, na kila mara alitusahihisha. "Mimi si Hajati. Makka naiona kwa kalenda tu." Lakini ukimwita kwa jina jingine alinuna siku nzima, kwa hiyo tukaendelea. Alikuwa Mnubi, wa kabila lililohesabiwa kuwa la askari wa yule mkubwa, mrefu, mwembamba, mwenye mistari mitatu ya chale kila shavu, ile ambayo kabla ya vita ilimfungulia mtu njia sokoni na baada ya vita ilimtafutia kifo. Chale haziwezi kuvuliwa kama nguo. Aliniambia kwamba miezi ile mibaya alijifunika uso na kusema Kisoga tu, lugha ya wenyeji wa Jinja, na Kiswahili akakimeza, maana Kiswahili kilikuwa kinanuka jeshi. "Halafu wale wakombozi wa Tanzania wakafika, nao wanasema Kiswahili! Nikasema, haya, si lugha ilikuwa na makosa. Ni mdomo."

Kila kitu kwake kilikuwa gari. Mumewe alikuwa dereva wa jeshi, na katika miaka ya ndoa maneno ya gereji yalikuwa yamemwingia. Uji ukichelewa kuchemka alisema moto hauna pampu. Mpangaji mlevi alikuwa "gari bila breki." Nambozo alipoanza kuumwa, Hajati alikuja kila asubuhi, akamgeuza, akaweka sikio lake mgongoni mwa mtoto na kufumba macho. "Injini inagonga," aliniambia kwa sauti ndogo. Kisha akaenda kumchemshia tangawizi. Sikuwahi kumwomba tangawizi hiyo, na haikuwahi kukosekana.

Mtu huyo alikuwa na roho nzuri. Nalisema mapema ili mtu asije akafikiri namsengenya, kwa sababu nitayasema na mengine.

Alikuwa mkali usiyeweza kumtabiri. Ungevunja bakuli lake la kaure akacheka. Ungemwita mjane akakutoa nje. Fundi mmoja aliyekuja kuziba bati alimwambia kwa heshima zote, "Mama, nyinyi wajane mnahitaji kusaidiwa," na Hajati akaondoa ngazi wakati fundi bado yuko juu. Alikaa huko mpaka alipoomba radhi. Nguo zake zilikuwa za njano, za machungwa, za kijani ya jani la mgomba. Mumewe, alisema, amesafiri. Aliondoka siku chache kabla ya mji kuanguka kwenda kutafuta lori, na bado hajarudi. Jirani zake wote walijua lori hilo lilielekea wapi na nini kiliwapata madereva waliokutwa barabarani wakati ule. Hakuna aliyemwambia. Siku moja mume wangu, ambaye ulimi wake si mwepesi kama wangu lakini una siku zake, alisema uani kuhusu jambo jingine kabisa, "Asiyekuwepo na lake halipo." Hajati aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea mchele. "Lake iko," akamwambia. "Mimi niko hapa nakalia."

Na viatu. Chini ya kitanda chake, katika chumba cha mbele, kulikuwa na jozi ya viatu vya kahawia vya mumewe. Hali ya hewa ya Jinja, na mto na ziwa pale pale, haina huruma na ngozi. Wiki moja tu, kiatu kinaota unga mweupe. Kila Jumamosi alivitoa, akavipangusa ule unga kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaviweka juani, akavipaka dawa ya viatu. Kwenye viatu kuvu lilikuwa adui. Kwenye ukuta lilikuwa mgeni wa heshima. Hilo ndilo lililonitia wazimu.

Maana mimi nilikuwa nimeshagundua. Nilipokuwa nasogeza kitanda mbali na ukuta ule ili mtoto asiuguse, kiganja changu kilipita juu ya lipu nikasikia ukingo. Nikaufuata kwa kidole: juu, pembeni, chini. Lilikuwa dirisha. Mtu alikuwa ameliziba kwa matofali na kulipiga lipu pande zote mbili. Chumba kilikuwa na pua, na mtu aliiziba.

Nilienda kwake nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota shilingi. "Hajati, kumbe kuna dirisha! Tukilitoboa, hewa itapita, ukuta utakauka, mtoto atapona. Mume wangu atafanya mwenyewe, hutagharimika."

"Hapana."

"Basi tusugue tu hilo kuvu."

"Hapana. Ukuta hii haiguswi."

Akanipa sababu? Hakunipa. Alinipa moshi.

Hiyo ilikuwa desturi yake. Kila Alhamisi alasiri alichukua chetezo chake cha udongo, akatia makaa, akatupia ubani na vijiti vya udi na vitu vingine alivyovikanda mwenyewe na sukari na manukato, akapita chumba hadi chumba akinong'ona dua. Kwa watu wake, nyumba isiyofukizwa ni kama mtu asiyenawa uso. Alipojua kwamba kifua cha Nambozo kimezidi, Alhamisi moja haikutosha. Akawa anakuja kila siku. Alifunga mlango ili baraka isitoke, akakizungusha chetezo chini ya kitanda, juu ya mtoto, na mbele ya ule ukuta muda mrefu kuliko mahali pengine. "Moshi inafukuza yote," alisema, "kuvu, homa, jicho ya watu." Mimi nilisimama pale nikitoka machozi, mtoto anatapatapa kifuani kwangu. Utamwambiaje mwanamke wa umri wa mama yako, anayemwombea mwanao huku jasho linamtoka, kwamba atoke na dua zake? Mtu wa kwetu hasemi hivyo. Anasema asante, kisha anabeba mtoto anamkimbiza nje.

Hospitalini muuguzi mmoja mnene, mwenye haraka, aliniuliza tunalala wapi. Nilipomweleza chumba, na kuvu, na moshi, alinitazama kama mtu niliyemwambia kwamba namnywesha mtoto parafini. "Mama, mtoto huyu anazama nchi kavu. Toa moshi, toa kuvu, au toa mtoto." Akaita mtu mwingine kwenye foleni.

Kutoka hatukuweza. Vyumba vilikuwa vimejaa watu waliokimbia kutoka vijijini, hadi Budondo nje ya mji watu walilala kwenye maghala ya mahindi, na barabara ya kwenda Mbale ilikuwa na vizuizi ambavyo mtu mwenye akili hakuvipita na mtoto mgonjwa. Nilimwambia Hajati yale ya moshi, nikiwa nimepiga magoti, macho chini. Nilitegemea ugomvi. Aliangalia chetezo chake kana kwamba kimemsaliti. Tangu siku hiyo hakuingia nacho tena. Alisimama nje ya mlango wetu kila Alhamisi, akiupuliza moshi uende upande wa uani, na dua tu ndiyo aliyoileta ndani.

Lakini ukuta, hapana.

Basi nikaamua. Nilimpata mtu wa magendo akaniuzia chupa ya jiki, nikavaa gambuti za mume wangu, nikafunga kitambaa puani, nikachukua ndoo na brashi ya kusugulia sakafu. Ilikuwa mchana, Hajati amekwenda msibani, au ndivyo nilivyofikiri. Nilizunguka nyuma ya nyumba. Nilipoinua brashi, alikuwa tayari amesimama kati yangu na ukuta, na gauni lake la njano limegusa kijani ile, mwanamke ambaye hangeruhusu tone la chai liguse nguo yake.

"Weka chini."

"Hajati, mtoto wangu anakufa."

"Weka chini, nikwambie."

Nikaweka. Akaniambia palepale, amesimama, bila kulia.

Habari za kuanguka kwa Masaka zilipofika, mumewe alijua kinachokuja. Alichukua matofali akaziba dirisha la chumba cha nyuma. Mlango wa chumba, uliokuwa wa ndani wakati ule, aliukinga kwa kabati alilolipigilia ukutani, mgongo wake ukifunguka, ili nyumba ionekane ina chumba kimoja pungufu. Lakini lipu mpya inang'aa. Hata mtoto angeuliza kwa nini mahali hapa papya na kwingine kukuukuu. Basi dereva yule akakoroga uji wa mtama, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, akaupaka ukuta wote wa nje, jioni baada ya jioni, na kwa sababu ilikuwa masika, mvua ikamsaidia. Watu walimcheka. Hajati mwenyewe alimgombeza kwa uchafu. Wiki chache baadaye ukuta ulikuwa umeota kijani kama umesimama hapo tangu enzi za reli.

"Halafu akaenda kutafuta lori. Akaniambia, mama, ingia ndani na watoto. Usifungue hii mpaka nirudi mimi mwenyewe." Akaendelea. "Walikuja. Walibeba godoro, walibeba redio, walibeba hadi mlango ya jikoni. Mimi na binti zangu tuko humo ndani, nimewaziba midomo kwa mikono. Nasikia mtu anazunguka nyuma, anapiga hii ukuta na kitu, tap, tap. Anasema, hapa hakuna kitu, ukuta wa zamani tu. Akaenda." Akaugeukia ukuta, akaweka kiganja juu ya kuvu taratibu. "Hii ndiyo ilituficha. Wewe unataka niisugue. Na yeye akirudi, aniulize, nilikwambia nini?"

Nilikuwa na huruma. Naapa nilikuwa nayo. Lakini ndani ya nyumba Nambozo alianza kukohoa, tukamsikia wote wawili, na mdomo wangu haukungoja ruhusa.

"Hajati, mume wako yuko njiani. Mtoto wangu yuko hapa."

Alisimama mpaka kikohozi kilipokwisha, kisha akachukua ndoo yangu, akamwaga ile jiki yote kwenye mtaro, akaenda zake. Nilikaa chini kwenye matope na gambuti zangu nikalia kama mjinga.

Asubuhi yake nilisikia kitu kikiburutwa uani. Hajati alikuwa anavuta godoro lake. Nyuma yake, mlango wa chumba chake cha mbele ulikuwa wazi, chumba chenye madirisha mawili yanayotazama barabara, kimefagiliwa, kimepigwa deki, kimekauka.

"Toa vitu yako," akaniambia. "Mtoto alale kule. Mimi nitalala humu."

"Hajati, utaugua."

"Injini yangu ya zamani. Imezoea mafuta chafu."

Nikakataa, akanifokea. Mume wangu akakataa, akamfokea pia na kumwita gari bila betri. Mpaka adhuhuri tulikuwa tumehamia mbele na yeye amehamia nyuma, na viatu vya kahawia chini ya kitanda chake, upande wa ule ukuta. Alilala katika chumba kile miaka yote tuliyoishi pale, na baada ya hapo. Alikuwa amepata njia ya kulitunza neno la mumewe bila kuliweka kifuani mwa mtoto wa mtu. Aliliweka kifuani mwake.

Nambozo alipona. Haikuwa kwa siku moja, na mvua zilipokuja bado niliulaza mkono wangu kwenye mbavu zake, lakini mluzi ulififia ukaisha. Hajati aliendelea kuja kila asubuhi kuweka sikio. Siku aliyosema "imenyooka," alimpa mtoto kipande cha sukari guru, akampa na mume wangu kingine kwa sababu alikuwa karibu.

Amani iliporudi nasi tulirudi Mbale. Tulipanga mtaa wa Namakwekwe, kwenye nyumba ya kawaida, na jambo la kwanza nililofanya ni kupapasa kuta zote kwa kiganja. Mwenye nyumba mpya alidhani mimi mchawi. Nilimtembelea Hajati kila nilipopita Jinja. Alikuwa yule yule: ua umefagiliwa, gauni la machungwa, viatu juani siku ya Jumamosi. Binti zake, aliowapeleka kwa jamaa baada ya vita, waliolewa, wakamwomba ahame, akakataa. Mji ulibadilika, nyumba za jirani zikapakwa rangi, watu wakaanza tena kusema Kinubi sokoni kwa sauti ya juu. Ukuta wa nyuma ukabaki kijani. Alikuwa na kikohozi kidogo, anajisafisha koo kabla ya kusema, na mimi nilijua kilikotoka, na kila safari nilirudi Mbale nimebeba jiwe.

Mara ya mwisho nilikwenda na Nambozo, mwanamke mzima, mpana wa mabega, anayecheka mpaka watu wanageuka. Tulikuwa tumesikia kwamba Hajati anaumwa sana kifua. Jirani aliyetupokea langoni alituonya kwamba akili nayo imeanza kuondoka. "Mwezi mzima hatoki chumbani. Amevaa nguo nyeupe. Anasema yuko kwenye eda. Mwanamke wa umri ule!"

Tuliingia. Nilisimama mlangoni, sikuelewa ni nini kimebadilika, mpaka nilipoona kwamba namwona vizuri. Kulikuwa na mwanga. Dirisha lilikuwa wazi, limetobolewa, kingo za matofali bado hazijapigwa lipu, na hewa ya kutoka upande wa mto ilikuwa inatikisa neti ya kitanda. Hajati alikaa chini yake kwenye mkeka, amevaa nyeupe tupu, isiyo na ua hata moja, mtu niliyemjua kwa njano na kijani. Alikuwa amekonda. Chale zake tu ndizo zilizokuwa zimebaki na ukubwa wake.

"Kuja huku," alimwambia Nambozo kabla hajanisalimia mimi. Akamgeuza, akaweka sikio mgongoni mwake, akafumba macho. Nambozo akavuta pumzi ndefu. "Safi," akasema Hajati. "Gari mpya."

Nilipiga magoti kwenye mkeka. "Hajati, dirisha..."

"Daktari ameniambia kifua imekwisha. Nikarudi hapa, nikalala, nikawaza." Alikuwa anasema kidogo, anapumzika, anasema tena. "Nikawaza, mimi nikitangulia, huyu mzee nani atamkalia eda? Hana mke mwingine. Watoto hawakai eda. Ataenda hivi hivi, kama mtu hakuwa na nyumba. Nikaita fundi."

"Na sheikh amesema nini?"

"Sheikh anasema eda yangu iliisha zamani. Nikamwambia, sheikh, ile ya kitabu imeisha. Yangu mimi haijaanza." Akakohoa, tukangoja. "Alisema nisifungue mpaka arudi. Nimemngojea vya kutosha. Nimefungua, nimeangalia nje siku nzima. Basi. Hakuna mtu."

Nilitazama chini ya kitanda. Hakukuwa na kitu.

"Viatu nimetoa sadaka," akasema. "Iko kijana ya boda anavaa. Vinatembea."

Kule kwetu ukimkuta aliyefiwa, unamshika mkono wa kulia kwa mikono yako miwili. Miaka yote ile ningefanya hivyo ningetupwa nje na cherehani yangu. Nikamshika. Mkono ulikuwa mwepesi, baridi, na haukuvutwa.

"Pole, Hajati," nikasema. "Pole kwa kufiwa na mzee."

Alinibana vidole, machozi yakamtoka, yale ambayo hakuyatoa siku ile ukutani.

"Asante, Mama Nambozo," akasema. "Watu wote wanakuja hapa kunipa pole ya kifua. Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole ya mume wangu."